Mpiga Gitaa Naye Ana Jina

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu hili nitoe maoni yangu juu ya jambo lililonikaa moyoni tangu muhula uliopita. Jambo lenyewe ni hili: wimbo ukipendeza twamsifu aimbaye, na yule apigaye gitaa twamsahau, kana kwamba gitaa lilijipiga lenyewe. Najua wako watakaosema kwamba mvulana wa Kidato cha Nne, mwenye mtihani wa Taifa mbele yake, angefanya vema kuwaza hesabu kuliko magitaa. Nawajibu kwamba hesabu naziwaza pia, nazo hunishinda vile vile. Lakini hili ni deni, nami ndiye mdaiwa, kama mtakavyoona.

Kwanza nieleze jinsi nilivyofumbuka macho. Mjomba wangu ana kibanda cha kutengeneza redio hapa hapa Buhongwa, si mbali na soko. Likizo ya mwezi wa Juni nilikuwa nikimsaidia, kazi yangu ikiwa kushika taa na kuokota skrubu zinazoanguka. Mjomba hupenda nyimbo za zamani, wala haanzi kazi mpaka spika ianze. Siku moja akaweka wimbo wa Wamarekani waitwao The Stylistics, kutoka mji wa Philadelphia, uliovuma mwaka 1974. Hata leo hupigwa arusini bwana na bibi arusi wakiingia. Wengi wenu mmeusikia, ingawa jina lake hamlijui. Ndani yake mna sauti ya uzi ambao haulii sawasawa kama nyuzi nyingine, bali huvuma na kutetemeka kama nyuki aliyefungiwa chupani.

Nikasema, "Mjomba, hawa wamemwita Mhindi awapigie."

Akacheka hata akaweka chini chuma cha kulehemu. "Hapo hakuna Mhindi, mwanangu. Hilo ni gitaa."

Sikusadiki. Sisi watu wa Mwanza tumekaa na Wahindi mjini miaka mingi, na sauti ile ya filamu zao twaijua hata tukiwa usingizini. Ni sauti ya sitari (nasema sitari, ala ya muziki; si sitara ya kujifunika). Ala ile ina shingo ndefu na tumbo la kibuyu, na siri yake imo katika kile kipande kinachozibeba nyuzi juu ya tumbo. Katika gitaa kipande hicho kina ukingo mwembamba, kwa hiyo uzi hulia safi. Katika sitari ni kipana na bapa, hata uzi ukitikisika huugusa-gusa uso wake kidogo kidogo, na kugusa huko ndiko kunakoleta mvumo. Nyuzi nyingine zimelala chini, hazipigwi kwa kidole; zinaitikia tu wenzao wakilia.

Mjomba alisema kweli. Mwaka 1965 George Harrison wa The Beatles alipiga sitari katika wimbo wao mmoja, na vijana wa Ulaya na Marekani wakaichangamkia sana sauti ile. Lakini sitari ni ala ya kusomea miaka na miaka, na mpiga gitaa wa studio hana miaka. Ana saa tatu, na saa inakwenda. Basi mpiga gitaa mmoja wa New York, Vincent Bell, akashirikiana na kiwanda cha Danelectro kutengeneza gitaa la umeme lililotoka mwaka 1967, likaitwa Coral. Lina nyuzi sita kama gitaa lolote, tena kando yake nyuzi kumi na tatu za kuitikia, na kile kipande cha kubeba nyuzi kimefanywa bapa. Aliyejua gitaa aliweza kulipiga siku ile ile.

Hapo nikauliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza angeuliza. "Na aliyepiga ni nani?"

Mjomba akageuza santuri moja aliyo nayo, ya zamani, akanionyesha. Pana jina la waimbaji, na la mtungaji, na la kampuni. Jina la aliyepiga halipo.

Tangu siku hiyo nimekuwa kama karani wa kuorodhesha majina yaliyopotea. Nimeuliza wazee, nimesoma nilivyoweza kwenye simu ya mjomba, na haya ndiyo niliyoyapata. Katika mji wa Detroit ilikuwako kampuni ya Motown, iliyotoa nyimbo nyingi mno za soul miaka ya 1960. Wapigaji wake walikuwa kundi moja lililoitwa Funk Brothers. Walikwenda studio kama seremala aendavyo karakanani: wakapiga, wakaondoka, na mara nyingi mwimbaji alikuja baadaye kutia sauti yake juu ya kazi iliyokwisha kufanywa. Wapiga gitaa wao watatu walikuwa Robert White, Eddie Willis na Joe Messina. Wimbo wa Stevie Wonder uitwao Signed, Sealed, Delivered, wa mwaka 1970, huanza na mvumo ule wa sitari ya umeme. Vidole ni vya Eddie Willis. Mwaka huo huo Freda Payne alivuma kwa Band of Gold, na sitari iliyomo ilipigwa na Dennis Coffey, ambaye naye alikuwa mpigaji wa kukodiwa mjini Detroit. Huko Memphis kulikuwa na Reggie Young, aliyewapigia The Box Tops mwaka 1968 sauti hiyo hiyo. Mtu mmoja huyo amesikika katika nyimbo nyingi mno, na ukimtaja jina mbele ya watu kumi, tisa watakuuliza ni mchezaji wa timu gani.

Robert White ndiye hunisikitisha zaidi. Yeye ndiye aliyepiga zile nota za mwanzo za My Girl, wimbo wa The Temptations uliorekodiwa mwaka 1964. Mpigie mtu nota zile tu, mwimbaji hajafungua kinywa, atakuambia ni wimbo gani. Basi sauti inayoutambulisha wimbo ni ya nani? Lakini Motown haikuyaandika majina ya Funk Brothers juu ya jalada mpaka mwaka 1971, katika santuri ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On. Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Los Angeles. Ilipotokea filamu ya kuwaeleza watu hawa, mwaka 2002, Robert White alikuwa amekwisha kufa miaka minane.

Mtu atasema: hayo ni ya Marekani, yatuhusu nini sisi wa Buhongwa? Yatuhusu. Kwanza muziki huo ulifika kwetu kwa nguvu hata serikali ikaingia kati. Mwezi wa Novemba 1969 ulipigwa marufuku katika madansi ya Dar es Salaam kwa kuwa ulidhaniwa unawaharibu vijana. Vijana wale walilijua vizuri jina la James Brown. Sidhani kama walilijua jina la Jimmy Nolen, aliyekuwa akimpigia gitaa lile la kukwaruza, ambalo ndilo lililokuwa likiwainua vitini.

Pili, na hili ndilo kubwa, jambo lile walilolifanya Wamarekani, la kulifanya gitaa lizungumze kwa sauti ya ala nyingine, limefanywa hapa hapa ukingoni mwa ziwa letu, tena kwa ustadi usiopungua wao. Wajaluo wana nyatiti, ala ya nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, amevaa njuga mguuni na pete ya chuma katika kidole cha mguu, akiigonga ala kwa pete hiyo huku vidole vya mikono vikizichokoa nyuzi. Miaka ya 1960 vijana wakaichukua namna ile ya kuchokoa wakaitia katika gitaa, ukazaliwa muziki wa benga. Sikilizeni gitaa la benga: halikokoti sauti, ladonoa kama kuku adonoaye mtama. Hiyo ni nyatiti iliyovaa umeme. Na mmoja wa wakuu wa muziki huo, Daniel Owino Misiani, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, upande wetu wa mpaka, mkoa wa Mara. Bendi yake ikaitwa Shirati Jazz. Watu humdhani Mkenya kwa sababu alifanya kazi Kenya, akafa huko kwa ajali ya gari mwaka 2006, mjini Kisumu.

Hata ule mvumo wa nyuki hatukuufuata India. Vukeni ziwa mwende Uganda, mtaona endongo ya Waganda na Wasoga, ambayo hutandikwa ngozi ya kenge, na nyuzi zake hupita karibu na ngozi ile hata zikavuma. Nendeni Dodoma mkaone ilimba ya Wagogo, yenye vitundu vilivyozibwa kwa utando wa buibui ili sauti isitoke kavu. Na pwani, kwa Mombasa, kuna taishokoto katika taarabu: ala iliyobuniwa Japani, ikapita India, ikafika kwetu, nayo ina vibonyezo kama vya mashine ya taipu. Juma Bhalo aliimba Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, watu wakamjaa. Mwafrika hakungoja mwaka 1967 ili auzoee uzi unaovuma.

Sasa nifike kwenye deni langu.

Muhula wa kwanza shule yetu ilipeleka wimbo katika mashindano ya nyimbo za mazingira. Wimbo ulihusu magugumaji, namna yalivyoziba mialo ya wavuvi. Mwimbaji wa kwanza nilikuwa mimi. Mpiga gitaa alikuwa mvulana wa Kidato cha Tatu, atokaye vijiji vya ziwani wilaya ya Rorya, ambaye babu yake hupiga nyatiti. Gitaa lenyewe mnalijua, lile la stoo lenye ufa. Tulipokuwa tukijaribu wimbo, Mwalimu alisema ni mzuri lakini umelala. Mwenzangu hakujibu. Jioni alichukua chupa ya maji iliyotupwa, akakata kipande cha plastiki chembamba kama ulimi, akakipenyeza chini ya nyuzi pale zinapobebwa. Akapiga. Gitaa lile bovu likaanza kuvuma na kudonoa, hata wapishi wakatoka jikoni wakiwa na miko mikononi. Wakati ule hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kusikia habari za Vincent Bell wala za Coral. Yeye alikuwa akiitafuta sauti ya babu yake; ndivyo alivyoniambia.

Tukashinda nafasi ya pili. Waliohukumu wakasema kilichowavuta ni "sauti ile ya pekee ya ala". Nilikuwapo, nilisikia kwa masikio yangu. Kisha kikatolewa cheti, nacho kiliandikwa jina la shule na jina langu. Nikapewa mkono, nikapigwa picha, nikapewa madaftari kumi na mawili. Na gazeti letu hili, Bwana Mhariri, usinikasirikie, likaandika habari nusu ukurasa iliyotaja mwimbaji, mwalimu, dereva aliyetupeleka, na chakula tulichokula njiani. Mpiga gitaa hakutajwa.

Silaumu waandalizi peke yao. Walimwandika waliyemwona mbele. Najilaumu mimi, maana nilikuwa na kinywa, tena kinywa kilichokuwa kimetoka kusifiwa. Ningeweza kusema, "Bwana, yuko mwingine." Nilinyamaza. Niliporudi bwenini nikampa madaftari matatu. Akayapokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, kaka." Mpaka leo maneno hayo yananiwasha kuliko matusi. Sasa mahafali yetu yanakaribia na Mwalimu amemtaka apige tena. Amekataa. Hakukataa kwa ugomvi. Alisema tu ana masomo mengi. Gitaa limerudi stoo, na kile kipande cha plastiki bado kimo chini ya nyuzi, nimekiona.

Katika klabu ya mdahalo nililileta neno hili, nikashindwa kwa kura, si kwa hoja. Mmoja alisema mpigaji hulipwa, na aliyelipwa hadai sifa. Nami nasema mwimbaji pia hulipwa, wala hatujasikia kwamba malipo yake yamefuta jina lake. Tena sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inawatambua wapigaji na waimbaji, si mtungaji peke yake. Basi ikiwa sheria inamwona, sisi tunafumbaje macho? Mwingine alisema majina yatakuwa mengi mno, mtangazaji atasoma orodha mpaka saa ya habari ifike. Hoja hii ina uzito kidogo. Sitaki mtangazaji asome kama anayeita mahudhurio. Lakini mtangazaji wa mpira hutaja aliyetoa pasi, halafu aliyefunga, yote kwa pumzi moja, na goli haliharibiki.

Isitoshe, desturi njema tunayo wenyewe. Katika bendi zetu za dansi, mwimbaji akifika mahali pa gitaa humwita mpigaji kwa jina lake katikati ya wimbo, kama mtu amwitaye nduguye ng'ambo ya barabara. Wazee waliocheza dansi la Mlimani Park wanaweza kukutajia Michael Enoch, Abel Balthazar na Joseph Mulenga bila kufungua kitabu, na miaka imepita arobaini na zaidi tangu bendi ile ianzishwe, mwaka 1978. Kwa Mbaraka Mwinshehe haikuwa taabu, maana aliimba na kupiga solo mwenyewe. Sifa hazikuwa na pa kupotelea. Lakini mpiga solo akiwa hajui kuimba, lazima mwenye kinywa amkopeshe kinywa.

Kuandika jina ni kazi ndogo yenye faida ya ajabu. Mwaka 1952, huko Jadotville katika Kongo, Hugh Tracey alimrekodi kijana mmoja mpiga gitaa, akaliandika jina lake: Mwenda Jean-Bosco. Kwa sababu lile jina liliandikwa, wapiga gitaa wa dunia nzima wanajua leo vidole vile vilikuwa vya nani. Nikiwaza ni vijana wangapi waliopiga vizuri wakapita bila mtu mwenye kalamu, naona uvivu wetu wa kuandika neno moja hauna udhuru.

Basi nashauri hivi. Wimbo wowote wa shule utakaorekodiwa, au kuimbwa mbele ya wageni, uwe na karatasi yake: nani ametunga, nani ameimba, nani amepiga nini, hata aliyepiga kayamba. Karatasi hiyo apewe msema chuma wa shughuli kabla wimbo haujaanza, naye asome. Na gazeti hili liwe la kwanza kufuata. Kama nafasi ni finyu, kiachwe chakula cha njiani.

Mtauliza kwa nini nami, baada ya kelele zote hizi, sikumtaja mwenzangu jina. Nilitaka. Nilikwenda kwake na rasimu ya barua hii, nikamsomea chini ya mwembe. Alisikiliza mpaka mwisho, akanisahihisha mahali pa nyatiti nilipokuwa nimekosea idadi ya nyuzi, kisha akasema, "Kaka, jina langu usiliweke humo." Hataki liingie kwa mlango wa huruma. Ikiwa litaandikwa, liandikwe pale lilipokosekana.

Cheti kimetundikwa katika ofisi ya walimu, kushoto unapoingia. Chini ya jina langu pana nafasi iliyo tupu, upana wa vidole viwili, nimeipima. Juzi nilimwomba Mwalimu ruhusa na kalamu ya wino mweusi. Amesema atanijibu Ijumaa.